Zimebaki ngapi? Stori ya bunduki moja ya Halo

Kaka yangu alikuwa na swali moja ambalo aliniuliza kila baada ya sekunde kumi: zimebaki ngapi? Na jibu alikuwa analijua, manake skrini tulikuwa tunagawana, yeye nusu ya juu mimi nusu ya chini, na namba ilikuwa inawaka pale pale mgongoni mwa bunduki yangu, ya bluu, kubwa, hata mtu anayepita nyuma ya kochi angeisoma. Alikuwa anauliza tu ili nione aibu. Mimi nilikuwa mtu wa kukamata triga na kutoiachia mpaka bunduki inyamaze yenyewe, alafu nashangaa mbona nimekufa.

Bunduki yenyewe ni MA5B, ile ya Halo: Combat Evolved, gemu iliyotoka tarehe 15 Novemba 2001 siku moja na Xbox ya kwanza. Waliotengeneza ni Bungie, na kwa wasiojua, hii gemu ilitambulishwa kwanza mwaka 1999 na Steve Jobs kwenye jukwaa la Macworld, yani ilikuwa inaenda kuwa gemu ya Mac, mwaka uliofuata Microsoft wakainunua kampuni nzima na mambo yakageuka. Nimecheza karibu zote zilizofuata, na nimeshika kila mtoto na mjukuu wa ile bunduki. Na nimefika mahali nataka kusema kitu ambacho kaka yangu hatakubali hata umpe zawadi: MA5B ni bunduki mbovu, na ubovu wake ndio uliofanya ile gemu iwe tamu vile.

Subiri kwanza, usikasirike.

Tuanze na umbo. Ni bunduki ya mpangilio ule wa magazini kukaa nyuma ya triga, karibu na bega, kama FAMAS ya Wafaransa au Steyr AUG ya Waaustria. Faida yake ni kwamba mtutu unabaki mrefu lakini bunduki yenyewe inakuwa fupi, inafaa kwa mtu anayeingia na kutoka kwenye magari na vikorido vya meli. Hasara yake kwenye dunia halisi ni kwamba maganda yanatokea karibu sana na uso, kwahiyo anayeshika kwa mkono wa kushoto ana shida yake. Master Chief, yule askari unayemcheza, anavaa kofia ya chuma uso mzima, hana wasiwasi huo. Juu ya bunduki kuna bamba kubwa nene limefunika kila kitu kama boneti ya gari, na mwishoni mwa lile bamba, upande unaokutazama wewe mchezaji, kuna kile kidirisha. Namba ya risasi zilizobaki kwenye magazini, na kidira kidogo.

Kile kidirisha ni akili kubwa sana, bana. Gemu nyingi zinakubandikia namba pembeni ya skrini, inaelea tu hewani kama stika. Hata Halo yenyewe pembeni ilikuwa inaonyesha risasi zako. Lakini ile namba ya mgongoni ilikuwa ya bunduki, siyo ya skrini. Ukigeuka inageuka na wewe, ukikimbia inayumba, ukibadilisha magazini inarudi 60 na unahisi kama mtu kakumwagia maji baridi. Nadhani ndiyo sababu mpaka leo nikifumba macho siikumbuki sura ya Master Chief vizuri, lakini ile bluu naikumbuka.

Sasa hesabu. Magazini inabeba risasi 60. Bunduki inatoa risasi 15 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe, ni sekunde 4. Sekunde nne za kelele alafu kimya. Na risasi zenyewe kwa mujibu wa hadithi ni 7.62 kwa 51, ile ile ya NATO ya miaka ya 1950, ambayo hapa inatumika mwaka 2552, watu wameshavumbua njia ya kuruka kati ya nyota lakini risasi ni ya kizazi cha bibi wa bibi wa bibi zao. Hili halinikeri hata kidogo, kitu kikifanya kazi wanajeshi hawakiachi. Kinachonichekesha ni uzito, risasi moja ya aina hiyo ina kama gramu 24, ukizidisha kwa 60 ni karibu kilo moja na nusu ya risasi tupu, hujahesabu bati la magazini, na yote yanakaa kwapani. Kwenye dunia halisi majeshi yalijaribu kufyatua risasi za ukubwa huo mfululizo kwa bunduki za mkononi kama M14 na FAL, wakagundua mtutu unapanda juu tu, mwishowe wengi wakahamia kwenye risasi ndogo. Kwahiyo ile MA5B kutawanya risasi kama mtu anayemwaga mchele, mimi nasema ni uhalisia, hata kama hawakukusudia.

Na inatawanya kweli. Mduara wa shabaha katikati ya skrini ni mkubwa kama sahani. Ukimlenga adui aliye mbali, nusu ya risasi zinampita kulia, nyingine kushoto, mbili tatu zinamgusa, naye anageuka kukuangalia kama mtu aliyeguswa na mbu.

Tulikuwa kwenye ile levo ya ufukweni, The Silent Cartographer, mnashushwa kutoka kwenye ndege mchangani na vita inaanza kabla hujapata pumzi. Ugumu tuliweka Legendary, ule wa juu kabisa, kwa sababu kaka ndiye aliyeshika menyu. Baadaye kidogo kwenye miamba nikakutana na Elite wa bluu, wale maadui warefu wenye taya nne na ngao ya nishati mwilini. Nikaminya. 60, 51, 43, ngao yake inawaka, 30, bado inawaka, anacheza pembeni kidogo kuikwepa, 18, ngao ikapasuka na ule mlio wake, nikasema tayari, 9, 4, 0. Klik. Yeye akaingia nyuma ya jiwe. Mimi nabadilisha magazini, mkono unatoka, magazini inaingia kule nyuma, haraka yote ya Master Chief haina maana, na Elite anatoka kule nyuma ya jiwe ngao imejaa upya, nzima kabisa, kama vile sijawahi kumgusa. Kaka yangu hakuangalia hata upande wangu. "Zimebaki ngapi?"

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye alikuwa anatumia bastola.

Hii ni ile kashfa kubwa ya Halo ya kwanza ambayo kila aliyeicheza anaijua. Bastola, M6D, risasi 12, ina darubini ya kukuza mara mbili, na kwenye mechi za watu kwa watu risasi tatu tu, ya mwisho ikiwa ya kichwa, mchezaji mwenye ngao kamili yuko chini. Tatu! Kutoka umbali ambao MA5B inakuwa ni firimbi tu. Na Hunter, yale majitu mawili mawili yenye ngao ya chuma, ukimpata kwenye lile eneo la rangi ya machungwa mgongoni, risasi moja ya bastola inamlaza. Yani bunduki kubwa ya vita, inayobebwa na kila askari wa UNSC, jeshi la binadamu, iliyochorwa kwenye boksi, inazidiwa na kitu kinachoingia kwenye mfuko wa paja. Na stori yenyewe inakutania, bastola unapewa mwanzoni kabisa na Kapteni Keyes, anakupa mkononi ikiwa tupu, haina hata risasi moja, unaondoka nayo kama mtu aliyepewa funguo za gari lisilo na mafuta. MA5B unaipata baadaye kidogo ndani ya meli ile ile, unafurahi, sasa nina bunduki ya ukweli. Kumbe.

Kwa miaka nilidhani walikosea. Kwamba walisahau kuipima. Alafu nikaja kukutana na hotuba ya Jaime Griesemer, mmoja wa wabunifu wa Bungie, kwenye mkutano wa watengenezaji gemu wa mwaka 2010, hotuba nzima ni kuhusu kubadilisha muda kati ya risasi na risasi ya bunduki ya mdunguaji ya Halo 3 kutoka sekunde 0.5 kwenda 0.7. Ndiyo, hotuba nzima. Sehemu mbili za kumi ya sekunde. Watu wa aina hiyo hawasahau kupima bunduki unayoshika nusu ya gemu, nikaanza kuiangalia upya.

Jambo la kwanza, Halo ilikuwa inakuruhusu kubeba silaha mbili tu. Leo ni kawaida, lakini wakati ule gemu nyingi za kufyatua zilikuwa zinakuacha ubebe ghala zima mfukoni. Ukiwa na mbili tu, na moja ni MA5B, una swali kichwani muda wote: ile nyingine iwe nini? Pili, Bungie walikuwa wanajenga mapigano juu ya mafiga matatu, silaha, gruneti na kipigo cha karibu. Bunduki ikiwa inakutosheleza peke yake, mafiga mawili yanabaki ya urembo. MA5B haikutoshelezi. Inakulazimisha usogee, kwa sababu kwa mbali haifai, na ukishasogea uko kwenye umbali wa kumpiga mtu na kitako, na ukishapiga na kitako umeshaingia katikati yao, na ukishaingia katikati yao unahitaji gruneti, na hapo chini kuna bastola ya plasma ya adui aliyekufa, unaiokota, unaishikilia mpaka ichaji, unaiachia, ngao ya Elite inaondoka yote kwa pigo moja, unarudi kwenye MA5B kummalizia. Ndivyo kaka alivyokuwa anajaribu kunionyesha kwa lile swali lake la kijinga. Hakuwa anaongelea risasi. Au labda alikuwa anaongelea risasi, simpi sifa nyingi.

Kuna levo moja tu ambapo bunduki hii ilinilipa deni lote, na ni ile ambayo watu wengi wanaichukia, The Library. Ni ndefu, inajirudia, vyumba vinafanana, ile roboti inayoelea inakuimbia kando, na Flood, vimelea vinavyogeuza maiti kuwa askari wao, wanakuja kama siafu. Hapo kila ulichojifunza kinapinduka. Bunduki ya mdunguaji, mfalme wa kila levo, hapa ni fimbo, risasi zake zinapita katikati ya yale maiti yanayotembea na yenyewe yanaendelea kuja. Shotigani ndiyo inaheshimiwa. Lakini wale vidudu wadogo wa Flood, vile vipulizo vyenye miguu vinavyoruka kwa makumi, shotigani unapoteza. MA5B ndiyo dawa. Kimoja kinakufa kwa risasi moja, kinapasuka na kumpasua mwenzake, na ule mwagiko wa risasi ambao ulikuwa unanitia aibu ufukweni sasa ni fagio. Unafagia kulia kwenda kushoto, pa-pa-pa-pa, namba inashuka 60 mpaka 20 na sakafu ni nyeupe. Kaka alikuwa amemaliza risasi za bastola muda mrefu. Nilimuuliza zimebaki ngapi. Hakujibu.

Alafu Halo 2 ikaja, Novemba 2004, na bunduki hakuna. Haimo. Badala yake kuna SMG, bunduki ndogo ambayo unaweza kushika mbili, moja kila mkono, na BR55, Battle Rifle, ile inayotoa risasi tatu tatu kila ukiminya, magazini ya 36, darubini juu yake. Nikajisikia kama nimerudi shule nikakuta dawati langu limechukuliwa.

Sitadanganya, BR ni silaha nzuri kuliko MA5B kwa kila kipimo. Tatu za kwanza, tatu za pili, tatu za tatu zinavunja ngao, tatu za nne kichwani. Mdundo huo mpaka leo wachezaji wa zamani wanaugonga mezani kwa vidole bila kujua. Kaka yangu alipotea humo ndani. Akajifunza na yale madudu ya vitufe, BXR, unapiga kitako, unakatisha kwa kitufe cha kubadili magazini, unafyatua papo hapo, mtu anakufa kabla hajajua umemfikia. Ilikuwa ni hitilafu ya gemu, siyo kitu kilichokusudiwa, lakini onlaini ikageuka ujuzi, ukiwa huijui wewe ni mgeni. Mimi vidole vyangu havikuweza kamwe.

Ila angalia kilichotokea. BR ilikuwa nzuri kiasi kwamba ikala gemu. Ukiwa nayo huhitaji kuokota kitu, karibu inafaa, mbali inafaa, katikati ndio kwao. Silaha nyingine zikawa mapambo ya ramani. Watu wanazunguka wanadundana tatu tatu, anayekosa kichwa anakufa, basi. Ni mchezo mzuri wa ushindani, nakubali, ndiyo maana mashindano makubwa ya MLG, ile ligi ya wacheza gemu, yalijengwa juu yake. Lakini ule mkanganyiko wa kuishiwa risasi katikati ya vita ukakimbilia chochote kilicho chini, ukaua mtu kwa silaha usiyoipenda, ule ulipungua sana.

Halo 3 ikatoka Septemba 2007 na bunduki yangu ikarudi, sasa inaitwa MA5C, na magazini imekatwa mpaka 32. Thelathini na mbili! Nilipoiona ile namba kwa mara ya kwanza nilidhani nimeokota ya mtu aliyeshaitumia. Lakini ilikuwa imekaa sawa zaidi, risasi zinaenda mahali unapolenga, na wakaifanya silaha ya kuanzia kwenye mechi nyingi za kawaida. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, ule usioisha, tuanze na AR, yani Assault Rifle, hii familia ya MA5, au tuanze na BR. Wa BR wanasema AR ni ya watoto, unakimbizana na mtu, mnamwagiana risasi, mnamaliza kwa kupigana vitako kama mbuzi dume. Ni kweli kabisa, mara nyingi ilikuwa hivo. Wa AR tunasema basi nenda kaiokote hiyo BR yako kule ilipowekwa, ndio maana ya ramani. Na kwenye Halo 3 hata BR yenyewe haikuwa tena ile ya zamani, risasi zake zilisafiri hewani badala ya kufika papo hapo, kwa mbali unalenga mbele ya mtu, na zile tatu zilikuwa zinaachana kidogo, kaka alilalamika miaka mitatu mfululizo kwamba gemu inamuibia.

Zilizofuata nazipitia haraka. Halo: Reach mwaka 2010 ina MA37, 32 vile vile, na DMR, bunduki ya risasi moja moja yenye shabaha inayopanuka ukifyatua haraka, jambo lililogombanisha watu mpaka likapunguzwa. Halo 4 mwaka 2012 chini ya 343 Industries, kampuni iliyoipokea Halo kutoka kwa Bungie, MA5D, sauti ya bunduki ikawa nzito kama mashine ya kutoboa zege, nzuri. Halo 5 mwaka 2015 wakakuruhusu kulenga kwa kuinua bunduki machoni, siongei sana hapo maana nina hasira.

Halo Infinite, mwisho wa 2021, ndiyo iliyonirudisha. MA40, risasi 36, na kwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu bunduki ya kuanzia ni bunduki hasa. Inapiga. Mtu akijiamini akaja mbio kwangu namshusha kabla hajafika. Mechi za daraja bado zilianza na BR75, baadaye ikaja bunduki ya Bandit, lakini za kawaida ni MA40 na bastola ndogo, na siku za mwanzo nilikuwa natembea kifua mbele. Wiki mbili hivi. Alafu nikaanza kuona kwamba sioti tena kuokota kitu. Napita juu ya silaha chini, sigusi. Nina 36 zangu, zinatosha, kwanini nihangaike? Nikawa nimegeuka kaka yangu wa Halo 2 bila hata ujuzi wake wa vitufe.

Kuna tabia moja tu ambayo hakuna gemu imeweza kunitoa, nayo ni kubadili magazini mapema. Nikifyatua risasi sita tu, kidole kinaenda chenyewe. Adui mmoja kaanguka, wa pili anakuja, na mimi nina 30 ndani, zingetosha kabisa, lakini mkono umeshatoa magazini. Nakufa nikiwa naangalia mikono yangu mwenyewe. Nikihesabu vifo vyote vya namna hiyo tangu ile ya kwanza, nadhani vimezidi vile vya adui kuniweza kihalali.

Miezi michache iliyopita kaka alinipigia, akasema washa Master Chief Collection, ule mkusanyiko wa Halo za zamani, tumalize ile ya kwanza, Legendary, kama zamani. Siku hizi kila mtu na nyumba yake, kwahiyo ni onlaini, yeye na skrini yake nzima, mimi na yangu. Inashangaza jinsi ilivyo pana ukiipata yote. Tukafika ufukweni. Miamba ile ile, Elite wa bluu pale pale. Nikamimina, ngao ikawaka, nikaona 22, nikaacha, nikarusha gruneti nyuma ya lile jiwe kabla hata yeye hajaamua kuingia huko.

Kwenye masikio nikasikia: "Zimebaki ngapi?"

Ndipo nikatambua kwamba safari hii kweli hajui. Haoni.

"Hamsini," nikamwambia.

"Muongo wewe."